Ngong Hills mpaka Kona Baridi na renja: uzoefu wangu

Kwa wale wanaouliza kama kuna haja ya kuchukua renja (askari wa msitu wa kuwasindikiza) mkienda Ngong Hills, vile vilima vya nje kidogo ya Nairobi, na marafiki, jibu langu ni chukueni, na mkishamchukua msiishie kile kilima cha kwanza cha kupigia picha, endeni naye mpaka Kona Baridi, ule mwisho wa pili wa vilima. Sisi ni mabeshte wa tangu chuo, kuna wale wanaokimbia msitu wa Karura kila asubuhi na kuna wale wa kukaa ofisini kutwa nzima, na dada mmoja ana pumu. Kikundi cha namna hiyo ndicho kinachomhitaji renja kuliko wengine, na si kwa sababu ya wezi peke yake, ingawa visa vya watu kuporwa huko juu vilikuwepo na kila mtu Nairobi amevisikia.

Maana baadhi yetu walishaenda matembezi na kampuni moja, sitaitaja, kiongozi akatangulia na wenye nguvu, wa nyuma wakaachwa wajitafutie njia, na kila wakimfikia wanamkuta ameshapumzika anainuka anaondoka. Yaani aliyechoka zaidi ndiye hapati kupumzika kabisa! Hilo jambo liliniuma sana kwa sababu kuna rafiki yetu aliapa hatapanda mlima tena.

Safari hii ilikuwa tofauti. Renja wetu, afande mwenye bunduki begani na maneno machache, kabla hatujaondoka getini alituangalia viatu mmoja mmoja, akauliza nani ana shida ya kifua au magoti, halafu akamwambia yule dada wa pumu, "Wewe kaa hapa nyuma yangu, hawa wengine wote watatembea kwa mwendo wako." Wakimbiaji walinung'unika kidogo. Lakini vile vilima vinahesabiwa saba, unapanda unashuka, unapanda unashuka, na kilele kiko mita 2,460 wakati jiji liko kama mita 1,800, kwa hiyo ukipanda kwa fujo hewa inakukatikia, na tulipofika katikati wale wale walionung'unika ndio walikuwa wanamwomba afande tusimame kidogo. Dada yetu alikuwa sawa, anapiga stori.

Kuna mahali mteremko ni mkali na una kokoto zinazoteleza, hapo alitusimamisha akatuonyesha jinsi ya kushuka: magoti yalegezwe, hatua fupi, mguu uweke kwa upande kidogo na unyayo wote uguse chini, usiegemee nyuma maana ndipo unapoanguka kwa makalio. Akashuka yeye kwanza, akasimama chini, akatupokea mmoja mmoja kwa mkono. Mimi nimetembea na watu wengi wa kulipwa ila sijawahi kuona mtu akifanya hivyo bila kuombwa.

Upepo sasa. Ile mitambo ya umeme wa upepo ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, iko huku mwanzo upande wa Ngong, mbili za kwanza ziliwekwa 1993 kwa msaada wa Ubelgiji na leo yote pamoja ina uwezo wa megawati 25.5, ukipita chini yake unasikia vuu, vuu, vuu, na kofia lazima uishike. Bebeni jaketi hata kama Ngong mjini jua linawaka. Na kofia iwe na kamba.

Lakini uzuri wenyewe uko baada ya hapo, ndio maana nasema msiishie njiani. Mkielekea Kona Baridi, kushoto mna Nairobi yote, Karen na maghorofa ya mjini kule mbali, na kulia ardhi inakatika ghafla inashuka Bonde la Ufa, kukavu, mabati ya boma za Wamaasai yanametameta chini kabisa, na Mlima Suswa unaonekana. Hivi vilima ni mabaki ya volkano ya zamani iliyokatwa na ule mpasuko wa bonde, ndiyo sababu upande mmoja ni wa taratibu na mwingine ni kama umekatwa na panga. Sisi tulienda Januari kukawa kweupe, Julai ukungu unaweza kuwafunika msione hata mtu wa mbele, na kukinyesha lile tope ni hatari.

Huko juu hakuna duka, kila mtu abebe maji yake, lita mbili si nyingi. Tulikuwa na chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na njugu, afande akatutafutia mahali penye kinga ya upepo tukala naye.

Njia nzima ni kama kilomita 10 hivi, sisi tulichukua masaa matano na vituo vyake. Usafiri: kutoka mjini Nairobi pandeni matatu namba 111 mpaka Ngong, bodaboda mpaka getini, halafu kutoka Kona Baridi mnachukua matatu mpaka Kiserian, hapo mnakula nyama (njaa mtakuwa nayo), kisha matatu namba 126 inawarudisha mjini kupitia Rongai. Mwenye gari aliache nyumbani, la sivyo itabidi alirudie getini. Na kumbukeni afande pia anatakiwa kurudi kwake, kwa hiyo mpangieni nauli mapema, msimwache kule barabarani na asante tupu.

Malipo ni ya simu, wekeni pesa kwa M-Pesa kabla. Wikendi watu ni wengi, fikeni getini kabla ya saa mbili asubuhi ili mpate renja wenu peke yenu msichanganywe na kikundi kingine chenye mwendo wake.