Korosho za kubeba kutoka Mtwara: zipi za kwanza, zipi za mwisho

Ukitoka Mtwara mikono mitupu, ndugu zako watakuuliza kama kweli ulifika kusini. Ndiyo maana wengi hununua korosho stendi, basi likiwa linapiga honi, na swali lao ni moja tu: "Bei gani?"

Bei ya korosho kwa sehemu kubwa ni bei ya mikono. Kilo moja ya korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa na kutolewa ganda, hutokana na kilo nne hadi tano za ghafi, zilizo bado na ganda, na kila punje hubanguliwa, hukaushwa, humenywa ngozi kisha hupangwa kwa ukubwa. Ganda lina mafuta makali yanayobabua ngozi, kwa hiyo akina mama wabanguaji hujipaka majivu au mafuta kabla ya kuanza. Glavu zinasaidia, ila anayelipwa kwa kilo huona zinamchelewesha. Basi ukikuta kilo imeshuka bei kupita kiasi, ama mzigo umekaa sana, ama kuna mbanguaji aliyepunjwa. Na malipo duni hayakai mbali na korosho mbovu: anayelipwa kiduchu hulazimika kukimbizana na kilo, na wewe unaletewa punje zilizopasuka, zenye madoa ya mafuta ya ganda na vingozi vilivyoganda mgongoni.

Nafasi ya kwanza nawapa akina mama wa vikundi wanaobangua na kuuza wenyewe, iwe Mtwara mjini, Newala, Masasi au Lindi. Hapo unaweza kumuuliza aliyeifanya kazi: "Mama, hizi mmezibangua lini?" Omba ambazo hazijatiwa chumvi, maana chumvi na kukaanga huficha mengi. Vunja moja. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikijipinda, ina unyevu, nayo itaota ukungu kabla hujamaliza kuigawa. Kiwango kinachokubalika sokoni ni unyevu usiozidi asilimia 5. Bei yao ikizidi ya stendi kidogo, lipa. Mnunuzi anayembana mama wa kikundi kwa shilingi mia tano halafu akanunua soda mbili, simuelewi.

Ya pili ni vipande, kutoka kwa akina mama haohao. Watu huvidharau kwa sababu havipendezi kwenye sahani ya mgeni, lakini kwa pilau, mchuzi au keki utavivunja tu. Ladha ni ileile na bei ni nafuu kihalali.

Tatu, pakiti za kiwandani zenye daraja. Ukiona W180, W240 au W320, hiyo ni idadi ya juu ya punje nzima katika pauni moja, yaani gramu 454 hivi. Namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa na bei hupanda. Unalipia umbo, si utamu, hivyo W320 inatosha kabisa. Angalia tarehe. Pakiti haitakwambia mbanguaji alilipwa nini, lakini walau kazi imefanyika hapa. Ghafi yetu nyingi hupakiwa melini kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, na viwanda tulivyojengewa miaka ya 1970 na 1980, vingi viliishia kuwa maghala.

Nne, vifuko vya stendi. Vimeshinda juani, na korosho iliyopigwa jua hutoa harufu ya mafuta yaliyokaa. Onja kwanza, nunua kidogo, za kula njiani.

Mwisho kabisa, ghafi ukajibangulie nyumbani. Moshi wake unakera koo, mafuta yatakubabua vidole, na punje nzima utazihesabu. Tena anayekunong'oneza kabla msimu haujafunguliwa kuna uwezekano mkubwa anauza kangomba: ghafi iliyonunuliwa kwa vipimo visivyo rasmi, kwa mkulima aliyebanwa na ada ya mtoto au ugonjwa. Hiyo siiweki kwenye begi langu hata ikiuzwa nusu bei.