Kiroba cha vifaa vibovu cha elfu nane, na chombo cha anga kilichotoka ndani yake

Nilikinunua Kariakoo, kwa fundi mmoja upande wa Mtaa wa Aggrey. Ni kile kiroba cha unga cha kilo 25, kimejaa rimoti, kibodi, maus na printa moja iliyokwisha kupasuliwa. Alianzia elfu kumi na tano, tukavutana hadi elfu nane. "Bosi, hivi huwa wanachukua watu wa skrepa. Wewe unaenda kufufua nini?" Nikamwambia naunda chombo cha kwenda angani. Akaniongezea feni ya kompyuta bure, nadhani kwa huruma.

Mtindo wenyewe, wa kuunda chombo cha mfano kwa vipande vya vitu vingine, si wangu. Mafundi waliounda vyombo vya Star Wars, ile filamu ya mwaka 1977, walinunua maboksi ya vifaru na ndege za plastiki za kuunganisha, wakachomoa vipande na kuvibandika kwenye vyombo vyao. Jicho likiona vidude vingi vidogo, linaamini kitu ni kikubwa. Maboksi hayo hapa Dar unayatafuta kwa tochi, na ukiyapata bei inauma.

Printa peke yake ilirudisha hela yangu. Gia za kila saizi, springi, reli, vijiti vya chuma! Gia mbili kubwa ndizo midomo ya injini. Kava la rimoti likawa mgongo, na yale matundu ya vitufe nikayaziba kwa vipande vya saketi. Vitufe vya kibodi ukivigeuza chini juu vinakuwa vyumba vya mizigo. Ndani ya vyote inapita bomba ya maji ya nusu inchi, maana bila uti wa mgongo chombo kinapinda.

Shida ilikuwa gundi. Supaglu ya buku inashika haraka, ila si plastiki zote. Chukua kalamu ya Bic ujaribu: mwili wake unang'ang'ania, kifuniko unakibandua kwa ukucha. Mwili ni polistirini, kifuniko ni polipropilini. Mimi injini zangu za kwanza zilikuwa vifuniko vya chupa za maji, zikadondoka mara tatu, nikamlaumu muuza gundi bure. Siku hizi nageuza kava na kusoma ndani, mengi yana herufi ndogo zilizochapwa, zinazotaja aina ya plastiki. ABS au PS, nabandika. PP au PE, natoboa na kufunga skrubu. ABS kwa ABS hata asitoni inatosha: inalainisha pande zote mbili, zikikauka zimekuwa kitu kimoja. Jaribu tone moja kwanza mahali pasipoonekana, na dirisha liwe wazi, inanuka vibaya.

Kioo cha rubani nilikiharibu pia. Mvuke wa supaglu uliacha ukungu mweupe usiofutika. Cha pili nikatumia gundi nyeupe ya mbao. Inachelewa, lakini ikikauka haionekani.

Wiki mbili nzima mke wangu alikuwa akiuliza, "Baba Imani, hilo jalala linatoka lini sebuleni?" Sikuwa na la kujibu, kwa sababu lilikuwa jalala kweli: jeusi hapa, jeupe pale, na neno MENU mgongoni. Kopo moja la praima ya kijivu, ile rangi ya kutangulia, likamaliza ubishi. Rimoti ikapotea, printa ikapotea. Alikizunguka kimyakimya, kisha akauliza mlango uko wapi.

Ila msipulizie rangi Mei. Mimi nilipulizia barazani mvua ikinyesha, ikatoka na weupe kama ngozi isiyopakwa mafuta. Nikangoja jua la Juni, nikasugua kwa msasa laini, nikapuliza upya mara tatu, kidogokidogo.

Lawama yangu kwa fundi ni moja, na si ndogo. Chini kabisa ya kiroba kulikuwa na betri ya simu iliyovimba kama andazi. Bisibisi yangu ilipita pembeni yake mara ngapi sijui, na kitu kile kikitobolewa kinawaka moto. Nilimrudishia mkononi. Akacheka, akasema amepitiwa.

Bado nitanunua kwake, kwa bei ile sioni pengine. Nimeshamwagiza kingine, kipangwe mbele yangu, betri zote nje, na printa ziwe mbili.