Fizi zinatoka damu: ununue dawa gani ya meno, na hizi za bakteria rafiki je?

Bibi yangu kule Wete, akiona damu kwenye mswaki, alikuwa akiacha kupiga mswaki siku tatu nne ili fizi zipumzike. Wengi bado tunafanya hivyo, hasa Ramadhani mtu akichelea kumeza damu. Lakini damu ile mara nyingi huletwa na utando wa vijidudu unaojishika pale jino linapokutana na ufizi. Ukiuacha unakuwa mgumu, ndio ukoga, na ukoga ukishaganda hautoki kwa mswaki wowote. Kwa hiyo nimepanga vitu vya kununua kwa kuangalia kipi kinauondoa utando huo kabla haujaganda.

Cha kwanza ni mswaki laini na dawa ya kawaida yenye floraidi. Soma ubavuni mwa boksi: mtu mzima atafute ppm 1000 hadi 1500 (ppm ni kipimo cha kiasi cha floraidi). Floraidi inalinda jino lisitoboke. Ufizi unaponywa na mkono wako. Laza mswaki kidogo, nyuzi zake ziguse mpaka wa ufizi, zungusha polepole dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Damu itatoka siku za mwanzo. Usiache. Ikiwa wiki mbili zimepita na bado inatoka, pesa uliyotaka kununulia dawa ya ajabu mpelekee daktari wa meno akukwangue ukoga.

Cha pili, kwa mwenye fizi zinazovimba kila mara, ni dawa ambayo floraidi yake imeunganishwa na bati. Kwenye orodha ya viungo imeandikwa stannous fluoride. Hii inapunguza vijidudu na damu ya fizi, ingawa wengine huwaachia madoa ya kahawia kwenye meno.

Cha tatu ni mswaki wa mti. Ununue ulio mbichi, utafune ncha mpaka ichanue, na kila siku ukate ncha iliyotumika. Ni mzuri, nami ninao kila siku, ila haufiki vizuri nyuma ya magego, wala hauchukui nafasi ya floraidi. Uwe nyongeza.

Sasa hao bakteria rafiki. Kinywani mna zaidi ya aina 700 za bakteria, na wazo lenyewe ni la maana: ukiwaleta wasio na madhara, wawanyime nafasi wale wanaochokoza fizi. Waliochunguzwa sana kwa fizi ni Lactobacillus reuteri, na hao zaidi kwa vidonge vya kumung'unya, vinavyoyeyuka taratibu mdomoni. Vidonge hivyo naviweka cha nne. Baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu kidogo kwa waliokwisha kukwanguliwa ukoga, lakini mwongozo wa madaktari wa fizi wa Ulaya wa mwaka 2020 ulishauri visiongezwe kwenye matibabu hayo, kwa kuwa ushahidi haujatosha.

Cha mwisho ni dawa ya meno yenye bakteria hao. Sababu haihitaji maabara. Dawa ya meno ina sabuni inayotoa povu na vihifadhi vilivyowekwa makusudi ili vijidudu visiote ndani ya tyubu. Kiumbe hai ataishi vipi humo miezi na miezi? Akiishi, unamtema baada ya dakika mbili.

Halafu kuna joto letu. Ile dawa ya bakteria niliyoiona Darajani, hapa Unguja mjini, ilipangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la alasiri. Boksi lilikuwa limepauka upande mmoja, upande wa pili rangi iko vile vile. Nikaligeuza: ihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Wakati wa kaskazi hapa mjini hata chumbani usiku nyuzi hizo hatuzioni.

Kama bado unaitaka, tazama mambo haya. Boksi litaje jina kamili la bakteria pamoja na namba au herufi za aina yake, na idadi yao mpaka siku ya kuisha muda, si siku ya kutengenezwa. Likitaja tu mabaki ya bakteria waliovunjwa, ujue hakuna hai humo. Na iwe na floraidi. Nyingi zinazojiita za asili hazina, na huko unaweza kutafuta fizi ukapoteza meno.

Mtindi kula, ni chakula kizuri, ila usiupake kwenye fizi ukidhani ni dawa.

Mwenye kisukari asingoje wiki mbili nilizozitaja, maana sukari na fizi huharibiana. Na yeyote ambaye jino linacheza, au akibonyeza ufizi usaha unatoka, aende kwa daktari wa meno wiki hii hii, kabla ya kununua tyubu yoyote.