Sake ya Kupikia: Chupa ya Kubeba na ya Kuacha Rafuni

Kwa Mjapani, neno "sake" ni kama "pombe" kwetu: bia imo, wiski imo. Kinywaji cha mchele wanakiita nihonshu, na lebo zake huandikwa seishu. Nenda Kagoshima utaje sake, wengi watawaza shochu, pombe iliyokenekwa, jamaa ya gongo, mara nyingi ya viazi vitamu. Tena kuna sake ambaye ni samaki, samoni. Waswahili wa Kivu nao wanaijua Sake kama mji ulio karibu na Goma. Ndiyo maana nasema, usinunue jina. Soma lebo.

Ya kwanza kwangu ni junmai ya bei nafuu (純米酒): mchele, maji, chachu na koji, basi. Koji ni ukungu unaogeuza wanga wa wali kuwa sukari, kazi ileile ya kimea kwenye busaa. Kwa hiyo hata jina "mvinyo wa mchele" ambalo wengi huipa sake linapotosha: hutengenezwa kama bia zaidi kuliko mvinyo wa zabibu. Ina kilevi cha asilimia 15 hivi. Huondoa shombo la samaki, na mchuzi unapata utamu wa chinichini.

Ya pili, futsushu, sake ya kawaida ya pakiti ya karatasi. Huongezwa kilevi, pengine na sukari, lakini sufuriani tofauti ni ndogo.

Ya tatu ndiyo iliyonitia adabu: ryorishu (料理酒), yaani "sake ya kupikia" hasa. Hutiwa chumvi, kama asilimia 2 au 3, ili isinyweke na ikwepe kodi ya pombe. Mimi nikaimimina, nikaongeza sosi ya soya kama kawaida, kuku akawa ng'onda. Ukiwa nayo, punguza soya na uonje kabla ya chumvi.

Daiginjo, sake ya daraja la juu, iache. Mchele wake umekobolewa hadi ukabaki nusu au chini ya hapo, ili kupata harufu ambayo moto utaifukuza dakika ya kwanza. Mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia, nayo si mbadala: kazi yake kung'arisha.

Kwa asiyetumia kilevi, moto hauondoi chote, wasikudanganye. Tangawizi na supu ya kuku vitatosha, na limau kidogo kwa samaki.