Vifuko vya juti vya kupandia nyasi bahari: kagua ufumaji kwanza

Kwa mbegu za Zostera marina, aina moja ya nyasi bahari, vifuko hivi vya juti vinafaa kweli. Mbegu iliyotupwa wazi juu ya mchanga huliwa na kaa au huchukuliwa na wimbi. Ikiwa kifukoni hubaki ilipowekwa. Faida kubwa zaidi huonekana baada ya kuota. Mche huu hauoti mzizi mkuu. Hutanguliza jani-mbegu, yaani jani la kwanza litokalo kwenye mbegu, na hushikiliwa na vinyweleo vya kitako chake tu mpaka mizizi itokeze kwenye vifundo vya kwanza. Kipindi hicho chote nanga yake ni nyuzi za juti.

Ila si kila juti. Mbegu ina urefu wa milimita 3 hivi, unene kama nusu yake, kwa hiyo matundu ya milimita 1 huizuia isidondoke na bado jani hupenya. Kitambaa kilichobana kama turubai huukaba mche. Choma uzi mmoja: ukiacha majivu, ni wa mmea, ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, una plastiki, nayo itabaki baharini. Kisha vifuko vilowekwe na kufuliwa, maana juti nyingi husokotwa kwa mafuta.

Vifuko vingi huharibiwa na mpandaji mwenyewe, kwa kuvijaza hadi vinenepe. Mbegu za katikati huwa zimezikwa mno. Zitaota, tena vizuri, kwa sababu uhaba wa oksijeni huichochea mbegu hii. Lakini jani huishiwa akiba ya chakula kabla ya kufikia mwanga. Weka mbegu 50 hadi 100 pamoja na mchanga safi, kilaze kifuko bapa, kifukie sentimita 2 hadi 3. Zikipita 5, miche mingi haitokezi. Penye tope jeusi linalonuka mayai viza usipande kabisa: salfaidi, sumu inayotoa harufu hiyo, itaua miche ndani ya kifuko kizuri kuliko vyote.

Wala kifuko hakifufui mbegu mbovu. Ibonye kwa kibano kabla ya kuitia: iliyo hai ni ngumu na huzama upesi, iliyokufa hubonyea au huelea.

Kwa Enhalus acoroides, nyasi bahari ya aina nyingine, usinunue vifuko hivi. Mbegu zake ni kubwa na hazina usingizi, yaani hazingoji kabla ya kuota. Tunda likipasuka huanza kuota ndani ya siku chache. Hizo hupandwa moja moja kwa mkono, mara tu zinapokusanywa.