Msumeno wa kona wa laki tano na nusu: leza nimeizima, nimebaki na kivuli

Haya wadau, karibuni tena bandani. Leo salamu fupi, maana nina hasira na kitu kimoja kidogo, chekundu, kinaitwa leza, ile taa ya msumeno inayokuonyesha bledi itapita wapi. Anko, sogeza kamera. Usinipige mimi, piga ubao. Hapo hapo.

Mnaona mstari huo mwekundu? Nimechora alama kwa penseli, leza imelala juu ya alama, ukimuita mtu yeyote atakwambia kata, iko sawa. Nakata. Ngoja isimame... Haya, tazama. Bledi imekula upande wa pili wa alama, milimita mbili kamili. Kwenye kenchi ya paa milimita mbili hakuna atakayeziona, kwenye fremu ya picha zinakutia aibu. Na hii leza nimeshairekebisha mara tatu tangu ninunue mashine. Vile viskrubu vyake ni kama vya miwani, mashine ikiwaka inatikisika, baada ya siku mbili mstari umehama tena.

Mtauliza ni mashine gani. Chapa nimeibandika tepu nyeusi, mnaiona hiyo. Hawajanilipa niisifie, na sitaki simu za watu usiku. Ni msumeno wa kona wa inchi 10, ule wa kushusha tu, hauna reli za kuvuta. Nilitoa laki tano na nusu Kariakoo, upande wa Gerezani. Jamaa alianzia laki sita na nusu, nikajifanya naondoka mara mbili. Ukienda leo bei inaweza kuwa nyingine, usije kuniambia nimekudanganya. Wati na mizunguko vimeandikwa kwenye boksi, mtasoma wenyewe, na kuna wenzangu humu kazi yao ni kukusomea boksi dakika kumi kisha wanaaga bila kukata hata kijiti.

Turudi kwenye leza. Shida yake siyo kuhama tu. Leza moja inakuonyesha upande mmoja wa bledi. Bledi ina unene wake, meno yake ni manene kuliko bamba, ukate upande huu wa mstari au ule ni ubao tofauti. Wajerumani wa Festool waliliona hilo, kwenye msumeno wao wa Kapex wakaweka leza mbili, moja kila upande. Lakini bei ya Kapex ukiisikia, unaweza kununua hii yangu na mbao za mwaka mzima na bado ukabaki na nauli.

Sasa dawa. Anko, nipe simu yako, washa tochi. Zimeni taa ya juu. Naishika tochi hapa, juu kabisa ya bledi, usawa wa bledi yenyewe, siyo kushoto wala kulia. Sasa nashusha mkono wa mashine polepole, haijachomekwa, msiogope. Tazama ubao. Mnaona kivuli? Kwanza ni kipana, kimefifia... nashusha... kinabanana... kinabanana... bledi ikikaribia ubao, kivuli kina kingo mbili kali kama zimechorwa kwa rula. Hicho ndicho kipande cha ubao kitakacholiwa. Siyo makadirio. Meno ndiyo yanayokata na meno ndiyo yanayoziba mwanga, kwa hiyo upana wa kivuli ni upana wa mkato. Ukibadilisha bledi, ukaweka nyembamba, kivuli nacho kinakuwa chembamba chenyewe, hurekebishi kitu. Leza ukiibadilishia bledi unaanza upya na viskrubu vya miwani.

DeWalt wanaiweka taa hii kiwandani kwenye baadhi ya misumeno yao, na wana haki ya kujisifu. Mimi nimetengeneza yangu. Hii hapa, sogea uone: taa ndogo ya USB, ile ya kusomea inayochomekwa kwenye chaja ya simu. Nimeifunga kwa vile vikamba vya plastiki kwenye kava ya juu, ile isiyocheza. Kava ya chini, hii inayofunguka ukishusha, usiifunge chochote, hiyo ndiyo inalinda vidole vyako. Waya nimeupitisha mgongoni mwa mkono wa mashine mpaka nyuma, mbali na bledi. Halafu unaisogeza taa kidogo kidogo. Ikikaa pembeni, kivuli kinakuwa kinene upande mmoja na kinakudanganya kama leza. Ikikaa katikati, kingo zote mbili zinakuwa kali sawasawa.

Nakata tena, alama mpya. Naweka ukingo wa kivuli juu ya penseli, naacha nusu ya penseli ibaki. Nashusha, nainua, napangilia, nashusha. Washa... Sikia hiyo... Haya. Anko, lete lenzi ya macro, tuone kwa karibu. Penseli inaonekana bado kwenye ubao? Inaonekana, nusu yake. Basi!

Niwe mkweli lakini. Ukifanyia kazi nje, chini ya mwembe, saa saba mchana, kivuli hukioni. Leza nayo huioni, kwa hiyo ni sare. Mimi banda langu lina paa na kazi nyingi nafanya jioni.

Sasa kufunga mashine, maana wengine mmeitoa kwenye boksi mkaanza kukata siku hiyo hiyo. Nami nilifanya hivyo. Nikakata fremu ya kioo, kona tatu zikafunga, ya nne ikaacha upenyo unaopitisha sarafu. Mnajua mtaani tunafanyaje: gundi, unga wa mbao, msasa, mteja haoni. Ule upenyo ulitoka wapi? Fremu moja ina mikato minane ya digrii 45. Mashine ikikosea robo digrii tu, mara nane ni digrii mbili, na zote zinajikusanya kwenye ile kona ya mwisho.

Kwa hiyo kabla ya yote, gunia, siyo la mahindi, kile kipimo cha fundi cha pembe ya digrii 90. Na gunia lenyewe ulipime kwanza, mengine yanauzwa yamepinda. Liegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, lipindue, chora tena pale pale. Mistari ikiachana, mrudishie aliyekuuzia.

Sasa jaribio la mashine. Chukua ubao uliopigwa randa, upana sawa mwanzo mpaka mwisho, hilo ni muhimu. Huu wangu ni paina ya Mafinga, inchi nne. Mashine iko kwenye sifuri. Nakata katikati. Vipande viwili. Hiki nakiacha kama kilivyo, hiki nakipindua, tumbo juu. Navisukuma vyote kwenye ukingo mmoja ulionyooka, vichwa vigusane. Anko, njoo na mwanga nyuma. Mnaona mwanga unapita hapo juu? Huo upenyo ni kosa mara mbili. Ukiwa milimita moja kwenye ubao wa sentimita kumi, mashine yako imekosea nusu milimita. Ndiyo uzuri wa kupindua, kosa linajikuza lenyewe unaliona bila vipimo vya maabara.

Kurekebisha: chomoa umeme. Siyo zima, chomoa. Legeza bolti zinazoshika huu ukuta wa nyuma tunaouegemeza mbao, yangu ina nne. Shusha bledi, ifunge chini, weka gunia kati ya ukuta na bamba la bledi. Bamba, siyo meno! Gunia likigusa jino linasimama upande, unarekebisha kosa kwa kosa. Kaza bolti kidogo kidogo, huku na huku, maana ukikaza moja mpaka mwisho ukuta unazunguka. Halafu kata tena, pindua tena. Mimi ilinichukua mara tano, na chai ikapoa. Ukimaliza hapo, simamisha gunia juu ya meza uangalie kama bledi imesimama wima. Hiyo kwangu ilikuwa sawa kutoka kiwandani, kwa hiyo siyo kila kitu ni kulalamika.

Bledi. Ile inayokuja kwenye boksi ina meno 24, inafaa mbao za inchi mbili kwa nne za ujenzi, lakini mninga inauchana nyuzi kama imeng'ata. Nunua ya meno 60. Na hapa mnisikilize, mimi nimepanda daladala mara mbili kwa upumbavu huu: angalia tundu la katikati. Kuna la milimita 30 na kuna la 25.4. Muuzaji akisema "zote zinaingia", mwambie akuonyeshe. Angalia pia mizunguko iliyoandikwa kwenye bledi, izidi ya mashine. Na kwenye misumeno mingi nati ya bledi ni ya kinyume, inalegea ukizungusha mwendo wa saa. Kuna kijana aliikata kichwa akidhani imeganda. Kijana mwenyewe anaongea na nyie sasa hivi.

Na wale mnaofunga bledi ya mbao kwenye grenda, sijui niseme nini. Grenda inazunguka kasi kuliko hizi bledi zinavyoruhusiwa na haina kava ya kufunika meno. Acheni.

Meza: mashine peke yake ni robo ya kazi. Ubao wa futi 12 ukining'inia upande mmoja, ukikata tu unabana bledi. Nimejenga mabawa mawili kwa mbao za mbili kwa nne, na marini bodi juu, kimo sawasawa na kitako cha mashine, nikakagua kwa rula ndefu. Upande wa kushoto kuna kizuizi cha kukatia vipande vya urefu mmoja. Mmeona nimekiinua kidogo chini? Unga wa mbao unapita hapo. Kikigusa meza kabisa unga unajazana, kipande cha kumi kinakuwa kifupi kuliko cha kwanza.

Unga wenyewe, jamani. Hicho kifuko cha nyuma ni pambo. Juzi nilikata mkongo nusu saa, upepo ukageukia kwenye kamba ya nguo, kanga nyeupe ikawa ya ugoro, na mimi nikapiga chafya mpaka usiku. Mkongo una vumbi baya, vaa barakoa. Miwani nayo. Mkono ukae shubiri nzima kutoka kwenye bledi, na ukimaliza kukata achia swichi, subiri isimame ndiyo uinue. Ukiinua inazunguka, kile kipande kidogo kinaruka kama risasi. Tundu lile ukutani, mnaliona?

Umeme: mama watoto alisema hii itamaliza LUKU. Hesabu ni hii. Mashine ya wati 1,800, mkato wa sekunde nne, ukikata mara 500 umekula uniti moja. Pasi ni mbaya zaidi. Tatizo ni ekstensheni nyembamba ndefu, mota inakosa nguvu na inachemka. Tumia waya wa milimita mraba 2.5.

Sasa kuhusu kununua ya kuvuta au ya kushusha. Nilitaka kuwaambia chukueni ya kushusha, mwisho wa habari. Haina reli za kutokeza nyuma, meza inakaa karibu na ukuta, na haina cha kulegea. Bosch wana mkono unaojikunja na Makita wana zenye reli zisizorudi nyuma, ila hapo tumeshatoka kwenye bei ya banda la uani. Lakini wiki hii nilikuwa na shelfu za mbao za inchi moja kwa nane. Hii inakata inchi tano na kidogo. Kwa hiyo unakata, unageuza ubao, unakata tena, na hata uwe na kivuli kizuri namna gani katikati inabaki ngazi. Pitisha ukucha, anko. Unaisikia? Shelfu kumi na mbili, ncha ishirini na nne, zote nimezipiga msasa kwa mkono. Nilipofika ya kumi na tano nilianza kuulizia bei ya ile ya kuvuta. Kwa hiyo kama kazi yako ni fremu, skatingi na miguu ya viti, hii inatosha. Kama ni makabati na shelfu, kusanya pesa kidogo, vuta subira, nunua ya kuvuta ya inchi 10. Ya inchi 12 achana nayo, bledi zake ghali.

Matangazo mafupi: kuanzia wiki ijayo video zinahamia Jumapili, Alhamisi natoka kazini nimechoka na mnaniona nimenuna. Wanaodai meza ya kahawa ya mtiki, iko, bado naikatakata video. Kama hujajiunga na chaneli jiunge, ni bure, tofauti na bledi.

Anko, zima kamera. Na hiyo chaja ya taa mrudishie anti yako kabla hajaanza kuitafuta.