Mbegu za popi ya pwani: nzuri, ila usifuate kila kinachoandikwa kwenye pakiti

Karibuni watazamaji. Leo mezani tuna mbegu za Glaucium flavum, lile ua la popi la manjano linalojiotea kwenye kokoto za fukwe za Ulaya na Mediterania. Tazama hapa kwa karibu: mbegu ni nyeusi, ndogo mno, imepinda mfano wa figo na ngozi yake ina vishimo vishimo. Ukikuta zimesinyaa au nusu ya pakiti ni makapi, irudishe.

Sasa maelekezo. Pakiti nyingi za popi husema mwaga juu ya udongo, usifunike. Kwa popi nyekundu ya mashambani, sawa. Kwa hii, hapana! Mwanga huizuia kuota, na ina sababu yake: mbegu ikichipua juu kabisa ya mchanga, jua huikausha kabla mzizi haujaufikia unyevu. Ifunike kwa mchanga wa milimita 3 hadi 5.

Inataka pia baridi. Changanya mbegu na mchanga wenye unyevu usiochuruzika, funga kwenye mfuko, weka kwenye friji kwa wiki 4. Kama mnapata majira ya baridi, achana na friji. Panda moja kwa moja bustanini miezi michache kabla ya baridi hiyo. Baada ya hapo joto la nyuzi 15 hadi 18 linatosha. Hazioti zote kwa pamoja, kwa hiyo usimwage trei baada ya wiki mbili eti zimekufa.

Udongo: nusu mchanga mkavu wenye chembe kubwa au changarawe laini, nusu udongo wa kawaida. Samadi weka mbali, maana mmea hunenepa majani, shina likalegea na kulala chini. Ukitumia vikombe, viwe virefu, mbegu mbili kila kimoja, kisha mche dhaifu ukate kwa mkasi badala ya kuung'oa. Mzizi mkuu hushuka haraka na ukikatika mche hauponi. Hamisha ukiwa na majani manne, pamoja na bonge lake la udongo, nafasi sentimita 40. Mche ukinywea usawa wa udongo na kuanguka, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche: umezidisha maji.

Mwaka wa kwanza kwa kawaida utaona majani tu, ya kijivu, yenye vinyweleo, yametandaa chini. Wengi huyang'oa wakidhani ni magugu. Maua huja mwaka wa pili, kisha maganda yaliyopinda kama pembe, mengine sentimita 30.

Vaa glavu, utomvu wake wa manjano una sumu, na mmea wote hauliwi.

Hukumu yangu? Bustani kavu, yenye jua kutwa na kokoto, nunua. Udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, usipoteze pesa. Na kama hutaki isambae, kata maganda yakianza kugeuka kahawia, kabla hayajapasuka.